Mgonjwa wa akili akikataa dawa: kumlazimisha, kumwachia, kumtilia kwenye chai, au kuandikiana mapema?

Mara ya kwanza mdogo wangu kupandwa na maradhi tulimtoa nyumbani adhuhuri, watu ndio kwanza wanatoka msikitini. Alikuwa na kikoi tu, miguu mitupu. Tulimshika wanaume wanne, mmoja wao mimi, na watoto wa skuli wakatufuata mpaka kwenye gari. Alipochomwa sindano akalala, sote tulimshukuru Mungu. Miezi mingi baadaye, akili imetulia, tumekaa barazani tunakunywa kahawa, akaniuliza: "Kaka, hata viatu mlishindwa kunivalisha?"

Sikuwa na jibu. Ameniruhusu niandike haya kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe wala mtaa wetu, basi itoshe kusema sisi ni watu wa Pemba.

Tangu hapo wenye wagonjwa majumbani hunijia na suala lile lile. Mtu mzima, ana ndevu zake, au mama mwenye watoto, kaambiwa ana skizofrenia (maradhi ya kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo) au baipola (maradhi ya moyo kupanda mno na kushuka mno), na dawa hataki. Ana haki ya kukataa? Na sisi tufanye nini? Majibu ninayoyaona yakitumika huku visiwani ni manne: kumlazimisha, kumwachia, kumtilia dawa kwa siri, na kuandikiana naye mapema wakati yuko sawa. Nitayalinganisha, ila sitojifanya mizani. Moja nalichukia, na moja ningetamani tungelijua zamani.

Anakataa nini hasa?

Anzeni hapa, maana neno "hataki" limebeba mengi.

Yuko anayesema "mie siumwi". Huyu si mkaidi. Skizofrenia, na baipola inapopanda, huweza kuondoa ule uwezo wenyewe wa mtu kujijua kuwa anaumwa. Mkikesha mnabishana naye, asubuhi mtakuwa mmechoka nyote na yeye bado haumwi.

Yuko anayesema "naumwa, lakini sindano hii siitaki". Huyu ni mwengine kabisa, na kosa letu kubwa lilikuwa kwake. Mdogo wangu ni mchumaji karafuu. Dawa za zamani kama haloperidol, na ile sindano ya flufenazini ya kila mwezi, huweza kukaza misuli, kutetemesha mikono na kuifanya miguu isitulie. Wa kukaa dukani atavumilia. Aliyesimama juu ya tawi la mkarafuu, mkono mmoja kashika na mwengine anachuma, goti likimkaza ndiyo safari. Alipoikataa sindano tulisema kichaa kinarudi. Kumbe msimu wa mchumo ulikuwa umekaribia, na yeye alikuwa anapiga hesabu zake vizuri kuliko sisi. Vipo vidonge vya kupunguza mkazo ule, wengi huviita Artane. Zipo dawa nyengine. Dozi nayo hushushwa. Lakini hayo humjia aliyekwenda kwa daktari kuuliza. Sisi tulikwenda kushitaki.

Wengine sababu zao hazisemeki mbele ya ukoo: udenda juu ya mto, unene uliokuja kwa ghafla, kulala mpaka jua kali, kushindwa chumbani na mke. Hili la mwisho mwanamume hatolitamka mbele ya dada zake, atasema tu kwamba dawa mbaya. Atafutwe mtu mmoja anayemwamini, wakae faragha. Na mwanamke wa umri wa kuzaa anayekataa valproeti, dawa ya baipola, asidharauliwe hata kidogo, kwa kuwa dawa hiyo huweza kumlemaza mtoto aliye tumboni na kumharibia ukuaji wa akili. Pengine anayekataa ndiye pekee aliyesikiliza alipoelezwa.

Yuko anayekataa hospitali lakini hakatai tiba. Anataka kusomewa, anataka kombe, yaani aya zilizoandikwa zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Sioni kwa nini kombe na kidonge vigombane. Sheikh mwenye hekima atamsomea, kisha atamwambia ameze dawa zake. Wa kukimbiwa ni yule anayesema dawa ziachwe kwanza, au anayetia mnyororo mguuni.

Na mara nyengine anayekataa hata si mgonjwa, ni ukoo. Akionekana Kidongo Chekundu, hospitali ya akili iliyoko Unguja, nani atakuja kumposa dada yake? Hofu hiyo ni ya kweli, lakini isivalishwe kanzu ikaitwa haki ya mgonjwa.

Nani wa kusema kuwa hawezi kuamua?

Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alikuwepo mgonjwa wa skizofrenia katika hospitali ya ulinzi mkali ya Broadmoor, akiamini kwamba yeye mwenyewe ni daktari mashuhuri. Mguu ukaanza kumwoza. Madaktari wakataka kuukata, akakataa, kesi ikafika mahakamani. Jaji hakushughulika na kama mtu huyu ni mgonjwa wa akili, hilo halikuwa na ubishi. Alitaka kujua mambo mengine: anafahamu anachoambiwa kuhusu mguu wake na kukishika kichwani? Anakiamini? Anaweza kukipima akatoa uamuzi? Ikaonekana anaweza. Mguu haukukatwa, na hakufa kwa mguu ule. Sheria ya huko ya 2005 ikaja kuweka wazi kwamba mtu mzima huhesabiwa ana uwezo wa kuamua mpaka idhihirike hana, na kwamba uamuzi wa kipumbavu peke yake si ushahidi. (Ungekuwa ushahidi, ukoo wetu wote ungelazwa.)

Lakini nchi hiyo hiyo ina sheria ya afya ya akili ya 1983, ambayo kwayo mgonjwa aliyezuiliwa hospitali anaweza kuchomwa sindano ya akili hata akiwa ameelewa kila kitu na amekataa. Yaani mguu ni wake, kichwa si chake. Siwasemi kwa kuwacheka. Nataka tujue kwamba waliotutangulia kwa sheria na majaji bado wamekwama pale pale tulipokwama sisi barazani.

Wazee wetu walikuwa na namna yao ya kulitazama hili. Kila aliyepita chuo cha Kurani anajua kwamba mwendawazimu kalamu imenyanyuliwa kwake, yaani haandikiwi dhambi, mpaka apate akili. Watu hushika nusu ya kwanza wakaisahau hiyo "mpaka". Mafakihi, wanazuoni wa sheria ya dini, waliwatenga wenye wazimu wa kudumu na wenye wazimu wa kuja na kuondoka, na huyu wa pili, akili zikimrudi, biashara yake ni biashara na ahadi yake ni ahadi. Kwa hivyo mtu hawi "hajiwezi" milele kwa kuwa aliwahi kupandwa. Huulizwa leo, kwa jambo hili, na kesho akaulizwa tena.

Kumlazimisha

Faida yake ni haraka, na haraka mara nyengine ndiyo uhai. Mtu anayetaka kujiua na ana njia mkononi, mtu aliyekamata panga anatafuta jirani anayemroga, mtu ambaye siku kadhaa hali wala hanywi, mama aliyejifungua juzi na anazungumza kumdhuru mwanawe: hapa hakuna mjadala wa haki, mchukueni. Na akiwa amebadilika ghafla huku ana homa, maumivu ya kichwa au shingo imekakamaa, huenda si maradhi ya akili kabisa, huenda ni malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Huyo hangojewi hata saa moja.

Dawa zenyewe zinafanya kazi, lazima isemwe. Majaribio 65 ya dawa za skizofrenia yalipojumlishwa na kuchapishwa 2012, waliorudiwa na maradhi ndani ya mwaka walikuwa kama 27 kwa kila 100 kati ya walioendelea na dawa, na 64 kwa kila 100 kati ya waliopewa vidonge visivyo na kitu. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini isomeni pande zote mbili: wapo waliomeza na wakarudiwa, na wapo zaidi ya theluthi waliokosa dawa na mwaka ukapita. Anayesema "bila sindano lazima utakuwa mwehu" amezidisha, sawa na anayesema dawa hazisaidii kitu.

Nguvu, kwa upande wake, haina hesabu nzuri kama dawa. Uingereza walijaribu kuwaweka baadhi ya wagonjwa waliotoka hospitali chini ya amri ya kutumia dawa wakiwa majumbani, na kuwalinganisha na wengine walioachwa bila amri hiyo ya muda mrefu. Matokeo yalitoka 2013: katika kila kundi, 36 kwa kila 100 walirudi kulazwa ndani ya mwaka. Amri haikuongeza kitu.

Kisheria, yeyote atakayewaambia "sheria ya 2008 inaruhusu" muulizeni yuko upande gani wa bahari. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 ni ya Tanzania Bara, na afya si jambo la Muungano. Linalotufunga sote ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009. Unamtambua mtu mwenye ulemavu wa akili kuwa sawa na wengine mbele ya sheria, na unataka tiba itolewe kwa ridhaa yake. Mwaka 2014 kamati ya mkataba huo ilisema kumtibu mtu kwa nguvu kunavunja haki zake. Mwaka huo huo kamati nyengine ya Umoja wa Mataifa, ya haki za binadamu, ikasema kumzuilia mtu kunawezekana, lakini kuwe ndiyo njia ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na ili kuzuia madhara makubwa. Wakubwa wenyewe hawajakubaliana. Mie nimesimama na hao wa pili, kwa sababu nimeliona panga.

Gharama yake sasa. Kwa mtu wa Mjini au wa shamba Unguja, Kidongo Chekundu ni safari ya gari. Kwa mtu wa Pemba ni boti, mawimbi, macho ya abiria, na watu wawili wa kumsindikiza wasiojua watarudi lini. Lakini fedha hurudi. Sisi tulipoteza kingine: miaka miwili kila nikipita kwake na gari alikuwa anatoka kwa mlango wa uani.

Ikibidi, basi watu wachache, asemeshwe na mmoja tu, aelezwe anapelekwa wapi na kwa nini hata kama anapiga kelele, na anayempenda abaki naye mpaka alazwe. Na avalishwe.

Kumwachia

Njia hii huonekana ya kistaarabu, na kwa mtu anayefahamu anachokataa ndiyo sahihi, hata kama mnajua atarudiwa. Mtu wa sukari anayekula halua na kuacha sindano yake ya insulini hatumfungi kamba. Tunamgombeza, tunamwombea, tunamwachia.

Ila Kanada ilitoa funzo chungu. Scott Starson, mtu mwenye kipaji kikubwa cha fizikia na mgonjwa wa baipola, alikataa dawa kwa hoja kwamba zinamuulia akili yake ya utafiti, na maisha bila akili ile hayataki. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya nchi ikampa ushindi. Lakini ushindi wake ulikuwa wa kukataa dawa, haukuwa wa kutoka. Alibaki hospitalini bila tiba, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Haki ya kukataa ambayo haina kitu chengine cha kupewa badala ya kile ulichokikataa ni haki kavu.

Kwa hivyo ukimwachia, usimwachie vyote. Kuna kumwachia kwa kufunga mlango, na kuna kumwambia "dawa ni juu yako, lakini chakula kipo, na kila Ijumaa nitapita". Akiamua kuacha, aache kwa kushushiwa dozi kidogo kidogo na daktari, maana kukata ghafla huleta hatari zaidi ya kurudiwa. Ukishinda hilo moja tu umefanya kazi.

Kumtilia kwenye chai

Hii ndiyo ninayoichukia, na ndiyo inayofanywa na watu wema zaidi. Mama anasaga vidonge kwenye uji. Mke anadondoshea matone kwenye chai. Haloperidol ya maji haina rangi, haina harufu, haina ladha. Hakuna fujo, hakuna polisi, jirani hajui. Nasi tuliwahi kushauriwa hivyo, na tulifanya kwa wiki tatu.

Fikirini mgonjwa mwenyewe anaamini nini. Wengi wao wanaamini wanatiliwa sumu. Ukimtilia kitu, umemgeuza kutoka mgonjwa mwenye dhana kuwa mtu anayesema kweli. Mwili unamkaza, ulimi mzito, na hajui ni kwa nini, hawezi hata kumwambia daktari. Akibakisha nusu kikombe amekunywa nusu dozi. Mtoto akimalizia kikombe kile, je? Mdogo wangu aliligundua, na mpaka leo akija kwangu hula nilichokula mie kwanza, kutoka sahani moja. Anafanya kwa mzaha. Sote wawili tunajua si mzaha.

Ukilinganisha na kumlazimisha, nguvu angalau anaiona na anaweza kukulaumu. Hii humwibia hata lawama. Nisingeichagua kwa mtu mzima anayejua jina lake.

Kuandikiana mapema

India waliliweka kwenye sheria yao ya afya ya akili ya 2017: mtu mzima anaweza kuandika, akiwa sawa, namna anavyotaka na asivyotaka kutibiwa akija kupandwa, na amtaje wa kumsemea. Katika tiba ya dharura maandishi hayo hayatumiki, jambo ambalo naona ni la busara. Majaribio machache yaliyojumlishwa 2016 yalionesha kwamba kwa watu walioandika mipango ya namna hii, kulazwa kwa nguvu kulipungua kwa karibu robo ukilinganisha na wasioandika. Katika tafiti za namna hii sikumbuki nyengine iliyopunguza nguvu kwa kiasi hicho kwa kutumia kalamu tu.

Kwetu karatasi hii si hati ya mahakama. Nguvu yake ni aibu: mtu kaandika kwa mkono wake, mbele ya ami yake na mkewe, na nakala iko kwenye jalada lake kliniki. Atakapokataa siku ile, humlazimishi kwa amri yako, unamkumbusha neno lake mwenyewe. Na nyinyi mkitaka kumburuza, yeye anakuoneshani neno lenu.

Udhaifu wake ni mmoja mkubwa: inataka kipindi cha utulivu, na ambaye hajawahi kutibiwa huenda hakipati. Mara ya kwanza karibu kila familia huanguka kwenye nguvu. Karatasi ni ya mara ya pili. Ndiyo maana wiki anayotoka hospitali, au mwezi wa pili wake, msiupoteze kwa kusherehekea na kusahau.

Ya mdogo wangu tuliiandika jioni mbili, kurasa tatu za daftari la skuli. Ameandika dalili zake za mwanzo, na hazimo kwenye kitabu chochote: anaanza kusafisha panga usiku, anagawa nguo zake, anawapigia simu watu aliosoma nao darasa la nne. Ameandika kwamba zikionekana mbili kati ya hizo, mkewe amwambie imamu, siyo mimi, kwa sababu mimi nina sauti ya amri. (Imamu amekubali.) Dawa anazozikubali amezitaja, na sindano ya mwezi ameikataa kuanzia mwanzo wa mchumo mpaka mwisho wake, badala yake vidonge, na muuguzi alikaa naye wakapanga viwe vya usiku, visimharibie funga ikifika Ramadhani. Simu na fedha zishikwe na mkewe. Watoto wapelekwe kwa bibi yao kabla, wasione.

Kisha kuna sehemu aliyoiandika, akaifuta, akaiandika tena: akikataa kula kwa siku mbili, au akimtishia mtu kwa chuma, tumchukue hata akisema hapana, na hapana hiyo tusiisikilize. Ni sentensi iliyomchukua jioni nzima ya pili.

Ningekuwa wewe

Kama leo ndani ya nyumba yako kuna hatari ya maisha, peleka, na soma mengine yote kesho. Kama hakuna hatari na anafahamu anachokikataa, mwulize sababu mpaka uipate, kisha badilisheni dawa au mwachie bila kumwacha. Kama hafahamu na hakuna hatari, huu ndio mtihani mgumu kuliko yote, na hapo mie ningenunua muda: usingizi wake ulindwe, kelele zipungue nyumbani, mtu mmoja tu anayemwamini amshawishi akubali hata kidonge kimoja cha kumpatia usingizi, na muuguzi wa akili aombwe aje yeye nyumbani badala ya kumburuza mtu. Chai iacheni iwe chai. Na akitulia, leteni daftari na kalamu.

Kwenye daftari la mdogo wangu masharti yako kumi na moja. La kumi na moja hakulijadili na yeyote, tulilikuta limeshaandikwa asubuhi: nisitolewe nje kabla sijavaa kanzu na viatu, na viatu viwe vile vya kahawia.